Bibi Pasi Ukutani

"Leo ndiyo siku ya mwisho," alisema Bibi Pasi, na pasi bado haijashika moto.

Binti yake alikuwa amechuchumaa uani akipepea mkaa kwa kipande cha boksi, moshi umemjaa machoni. Nyuma yake shuka za nyumba ya wageni zilikuwa zimelundikana katika mabeseni mawili, mlima ambao ulitakiwa uwe umehama kabla ya adhuhuri. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekwisha kusema, tena bila kupandisha sauti, ndiyo maana maneno yake yaliuma: wakichelewesha tena, atanunua mashine.

"Nimesema leo ndiyo ya mwisho. Kesho picha zote zinaondoka, zinarudishwa kwa wenyewe."

"Nimekusikia, mama. Tangu juzi nakusikia."

"Basi kama umenisikia, mbona hujavaa?"

"Nivae niende wapi? Shuka hizi atazinyoosha nani? Jogoo?"

Jogoo alikuwa kwenye pasi. Ilikuwa pasi ya mkaa, ya zamani, nzito kama dhambi, na komeo la kifuniko chake lilikuwa jogoo mdogo wa chuma aliyekatika mkia kabla binti hajazaliwa. Pasi za umeme zilikuja katika nyumba ile zikaungua, zikaja nyingine zikaungua, na umeme wenyewe ukikatwa wiki kwa wiki. Jogoo akabaki. Ndiye aliyempa mama jina la Bibi Pasi, na ndiye aliyeanzisha habari yote hii.

Mwalimu mmoja, mteja wao wa mashati, alikuja kuchukua nguo zake akasimama mlangoni akicheka. "Bibi Pasi, nimekuona ukutani!" Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake kwenye maonyesho ya picha za jiji la zamani, katika jengo lililokuwa posta. Picha mojawapo ilikuwa ya mtaa wa mnara wa saa. Mwanamke kijana anavuka barabara, fundo la nguo kichwani, pasi mkononi. "Nikasema, ile pasi mbona naijua? Nikasogea. Jogoo hana mkia! Nikawaambia wanafunzi, huyu ndiye anayenyoosha shati nililovaa. Hawakuniamini. Tena mgongoni umebeba mtoto."

Hapo Bibi Pasi alitafuta pa kukaa.

Mtoto yule hakuwa binti huyu anayepepea mkaa. Alikuwa yule wa kwanza, aliyechukuliwa na homa hata hajaanza kusema maneno ya kueleweka. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Studio ilikuwa ya watu wenye nafasi, nao walijiambia watampeleka akishaweza kusimama mwenyewe vizuri. Kilichobaki chake duniani kilikuwa kiatu kimoja, cheupe, chenye kifungo pembeni, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati.

Binti alikijua kiatu kile vizuri. Alipokuwa mdogo alipanda kiti akakichukua akajaribu kukivaa, na hiyo ndiyo mara pekee ambayo mama yake alimpiga kofi. Kiatu cha pili kilipotea barabarani, kilimvuka mtoto mguuni akiwa mgongoni, mama ana fundo kichwani hawezi kugeuka. Alipofika nyumbani ndipo alipoona mguu mmoja mtupu. Alirudi akakitafuta mtaa mzima hadi maduka yakafungwa. Viatu vilikuwa vipya, baba yao alikuwa amevinunua kwa kazi ya ziada ya mwezi mzima, naye usiku ule alisema neno ambalo hakuwahi kulirudia wala kulifuta: "Kazi yangu ilikuwa kununua. Yako ilikuwa kubeba tu."

Baada ya wiki chache mtoto hakuwapo, na kiatu hakikuwa tena na haja ya mwenzake. Baba naye sasa hayupo. Neno lile limebaki na Bibi Pasi peke yake.

*

"Asubuhi yote hii mmeshaanza?" Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, koti la ulinzi limemning'inia begani. Mtaani walimwita Popo, kwa kuwa alitoka jua likizama na kurudi kulala jua likichomoza. "Nimewasikia tangu kule kwenye bomba. Nikajua nyumbani kwangu watu ni wazima."

"Mwambie mkeo," alisema Bibi Pasi. "Ana macho mawili mazima, hataki kuniazima hata kwa saa moja."

Macho ya Bibi Pasi yalikuwa na ukungu, yote mawili. Mwanga aliuona, na mtu akipita mbele yake alijua amepita mtu. Nguo alizinyoosha kwa vidole, akitafuta mikunjo kama mtu anayesoma. Hospitali walimpa tarehe ya kupasuliwa, wakaisogeza, wakaisogeza tena, sasa alikuwa ameacha kuuliza.

"Si kwamba sitaki," alisema binti. Sauti ilimtoka ya kuchoka kuliko alivyokusudia. "Mama, hutaiona hiyo picha. Tutatembea mpaka huko, tutalipa kiingilio, utasimama mbele ya ukuta. Tukirudi, hatuna shuka wala mteja. Utakuwa umepata nini?"

Popo alishusha koti, akalitundika msumarini, akakunja mikono ya shati.

"Nendeni."

"Wewe hujalala," alisema mkewe.

"Nani kakuambia? Mimi nalala kazini. Unadhani mshahara ule mdogo ni wa kukesha?" Akaichukua pasi, uzito wake ukamshtua, akajikaza. "Shuka ni kitu gani? Ni mraba. Haina kola, haina mikono, haina mapozi."

"Ukiunguza je?"

"Nitakunjia kwa ndani."

Bibi Pasi alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya mwalimu. Binti alimtazama mume wake, macho yake mekundu kwa usingizi, akataka kumwambia neno jema, lakini lililomtoka ni: "Usiache makaa yakajaa mpaka juu. Cheche zitaruka."

*

Walikwenda kwa miguu, mama ameshika kiwiko cha binti. Binti alibeba fundo la foronya zilizokwisha kunyooshwa, akiwaza kuziacha nyumba ya wageni wakati wa kurudi, mwenye nyumba angalau aone dalili. Jua lilikuwa limeshakaza. Mama hakulalamika, ila kila walipofika kwenye ukingo wa barabara mkono wake ulikaza kidogo, na binti alijua bila kuambiwa kwamba anaogopa.

Mlangoni mwa jengo la posta ya zamani alisimama mlinzi aliyevaa vizuri, buti zinang'aa. Aliwatazama, akalitazama fundo.

"Nguo zinapokelewa mlango wa nyuma."

"Hatujaleta nguo," alisema binti. "Tumekuja kuona picha."

"Picha?"

"Kwani hizi picha zinaonwa na watu gani?"

Mlinzi alisogea pembeni. Kwenye kidirisha cha tiketi msichana aliwatajia kiingilio, na binti akafungua ncha ya kitambaa alimoweka pesa. Zilitosha mtu mmoja. Alihesabu tena, ingawa alijua hesabu haitabadilika, huku nyuma yao wamesimama watu wawili wenye viatu vya ngozi, wakisubiri kwa adabu ile inayoumiza kuliko kusukumwa.

"Ingia wewe," alinong'ona Bibi Pasi. "Uniangalizie, uje uniambie."

"Mama, mimi nitaangalia nini? Mtoto mwenyewe sikumjua. Ingia wewe."

"Nikaguse kuta?"

Walitoka kwenye mstari. Walisimama kwenye ngazi, binti uso unawaka, akilikumbatia fundo la foronya kana kwamba ndilo lililowafikisha pale. Mlinzi alikohoa. Alikuwa anatazama barabarani, mbali kabisa, kama mtu anayesema peke yake.

"Niliwaambia tangu mwanzo, mama zangu. Nguo ni mlango wa nyuma. Leo wanafungasha, mlango uko wazi. Anayeingia na fundo haulizwi."

Ilimchukua binti muda kidogo kuelewa. Bibi Pasi alielewa mara moja.

"Mungu akulinde na wewe unayelinda," alimwambia.

"Shikeni ukuta wa kushoto, bibi. Kuna ngazi mbili."

*

Ukumbi ulikuwa mpana na wa baridi. Mafundi wawili walikuwa wameanza kuteremsha picha za upande wa mbali na kuzifunga kwa karatasi nene. Za upande huu zilikuwa bado, kubwa, nyeusi na nyeupe, nyingine pana kuliko kitanda.

"Nini hii?" Bibi Pasi alisimama mbele ya picha ya kwanza.

"Stesheni, nadhani. Paa refu. Watu wengi wenye kofia."

"Kuna benchi la mawe mlangoni?"

"Lipo."

"Palikuwa na muuza magazeti hapo. Mvua ikinyesha alinipa magazeti ya jana nifunikie nguo za watu. Hakuwahi kunidai."

Wakasogea. Sinema, yenye mabango na ngazi pana. "Mkata tiketi aliniachia nisimame kwenye kivuli chake na fundo langu. Bosi wake akija, ananiambia kwa sauti, 'Wewe mama, ondoka hapa!' Bosi akienda, ananiita nirudi." Bomba la maji la uwanjani, foleni ndefu ya ndoo. "Mama mmoja mnene alinipisha mbele yake siku mtoto alipozidiwa. Wenzake wakamtukana. Akawaambia tukaneni, maji hayaishi." Daraja la chuma. Soko la zamani kabla halijaungua.

Binti alisoma, mama alijibu. Stesheni ile binti aliijua ni ghala la saruji, sinema ni kanisa, uwanja wa bomba ni maegesho ya magari. Alitembea humo kila siku ya maisha yake akikimbizana na wateja, na hakuwahi kudhani chini ya mji ule umelala mji mwingine. Tena kilichomshangaza ni kwamba mama yake hakuyakumbuka majengo. Alikumbuka nani alimpa nini, mahali gani. Jiji lake lote lilikuwa limejengwa kwa watu wa namna hiyo.

Walipofika mwisho wa ukuta, palikuwa na msumari mtupu na kibao kidogo chini yake.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Bibi Pasi.

"Kibao kinasema mtaa wa mnara wa saa." Binti aliutazama tena msumari. "Picha haipo, mama. Wameshaiteremsha."

Mkono ulioshika kiwiko chake ulilegea. Bibi Pasi alinyoosha vidole akaugusa ukuta pale palipokuwa na picha, akaupapasa taratibu, kama anavyopapasa shati kutafuta mkunjo.

"Samahani, tumefunga upande huu." Alikuwa mwanamke kijana, penseli imechomekwa kwenye nywele, mikono imejaa vumbi. Alitazama fundo, akamtazama mzee. "Mmeingilia wapi?"

Binti alikuwa ameandaa uongo kuhusu nguo. Ukakataa kutoka. "Tumeingia mlango wa nyuma, dada, kiingilio hakikututosha. Picha iliyokuwa hapa, anayevuka barabara ni mama yangu. Mtoto aliye mgongoni alikufa. Hana picha nyingine."

Yule mwanamke aligeuka. "Fundi! Ile ya mnara wa saa umeifunga?"

"Nimeifunga, nimeipiga na kamba."

"Naomba uifungue."

"Dada, lori linakuja saa saba!"

"Najua. Naomba."

Fundi alipumua kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyekwisha kufanya kazi mara moja na anatakiwa kuifanya tena. Lakini alifungua. Mafundo aliyafungua moja moja bila kukata kamba, akaiegemeza picha ukutani, akamletea mzee sanduku la mbao akaliwekea gunia juu. "Kaa hapa, mama. Usiharakishwe na mtu."

*

Binti alipiga magoti. Na kweli, alikuwa mama yake. Mwembamba, mdogo kuliko binti alivyo sasa, shingo imenyooka chini ya fundo, uso umekunjwa kwa jua. Pasi mkononi, jogoo bila mkia. Nyuma mnara wa saa, maduka, baiskeli imeegemezwa nguzo.

Mgongoni mlikuwa na mbeleko iliyovimba. Ncha yake ilikuwa imepandishwa juu ikafunika kichwa chote cha mtoto. Uso haukuonekana hata kidogo.

"Niambie," alisema Bibi Pasi.

Binti alitazama upya, akasogea mpaka pumzi yake ikagonga kioo. Hakuna. Nguo na kivuli tu. Akamfikiria Popo na shuka zake, akaufikiria mwendo wote ule na ngazi zile mbili. Neno moja tu, lingemgharimu nini?

"Ni mzuri, mama," alisema. "Amekuegemea. Anatabasamu, kama..."

"Mwanangu." Bibi Pasi aliweka mkono kwenye bega lake. "Usinitungie. Jua lilikuwa kali siku ile. Nilimfunika kichwa mwenyewe."

Binti aligeuka. "Ulijua?"

"Nilijua tangu mwalimu aliposema nina fundo na pasi. Nikiwa na vyote viwili nilikuwa natoka kunyoosha kwa wateja, mchana, njia ya jua tupu. Nilimfunika kila siku."

"Sasa tumekuja kuangalia nini?"

Fundi alikuwa ameacha kukunja karatasi.

"Baba yako alikufa. Mama mnene wa bombani alikufa. Hakuna aliyebaki ambaye alimwona isipokuwa mimi. Ukikumbuka kitu peke yako miaka mingi, mwanangu, unafika mahali unajiuliza kama kweli kilikuwapo. Nilitaka mtu mwingine amwone. Hata mgongo wake tu. Uniambie, yupo au hayupo?"

Binti alirudi kwenye picha. Macho yalimchoma, akayafuta kwa foronya safi ya nyumba ya wageni bila kufikiri.

"Yupo," alisema. "Namwona alivyoumuka kwenye mbeleko. Ni mzito, umeinama kidogo kumbeba. Na mguu wake umetokeza huku, karibu na kiwiko chako. Mnene, una mkunjo hapa kwenye kifundo."

"Ndiyo," alisema Bibi Pasi. "Ulikuwa na mkunjo."

"Mguu mtupu, mama. Hauna kiatu."

Ndipo binti, bila kuambiwa, alipoanza kuirudia barabara kwa macho, kutoka unyayo ule kwenda nyuma, polepole, kama mtu anayetembea na taa. Vumbi. Kivuli cha nguzo. Kipande cha karatasi. Gurudumu la baiskeli. Na hapo, mbele ya ngazi ya mnara, hatua chache tu nyuma ya mama yake kijana aliyekuwa akienda zake bila habari, kitu cheupe, kidogo kama punje ya mahindi. Kina kifungo pembeni.

"Mama."

"Nini?"

"Kipo. Kiatu kipo hapa. Kiko mbele ya mnara, chini ya ngazi. Ndiyo kwanza kimeanguka."

Bibi Pasi alifumba macho yake yasiyoona. "Chini ya ngazi," alirudia. "Pale nilipita. Lakini nilikwenda jioni, kwenye ngazi pale palikuwa na kivuli kizito." Kisha, baada ya muda: "Kimekaaje?"

"Kimesimama wima. Kama mtu amekivua mwenyewe, aingie ndani."

*

Mwanamke wa penseli alikuwa ameandika namba ya simu ya binti, akasema atajaribu kuwatafutia nakala. Huenda angepiga, huenda asingepiga. Lakini aliwasindikiza mpaka nje, tena kwa mlango wa mbele, na mlinzi wa buti akawafungulia kama hajawahi kuwaona.

Njiani simu ililia. Alikuwa Popo.

"Mama watoto, nina swali. Swali tu. Mtu akiunguza kidogo, kidogo mno, hata hapaonekani, anakunja upande gani?"

"Ngapi?"

"Moja. Na nusu."

Binti alitaka kukasirika, akatafuta hasira hakuipata. "Kunja mara tatu kwa ndani. Halafu zima pasi ulale. Nikifika nitamalizia."

Mnara wa saa haukuwapo tena. Pale uliposimama palikuwa na mzunguko wa magari, na katikati bango la kuuza magodoro. Walipokuwa wakivuka, Bibi Pasi alisimama ghafla. Aliuachia mkono wa binti, akainama, akatazama chini kwenye lami, au alielekeza uso wake huko. Magari yalipiga honi. Binti alilishusha fundo, akasimama mbele ya mama yake, akainua mkono kuyazuia.

Mwendesha mkokoteni mmoja aliuegesha kando ya njia, akaja mbio. "Bibi, umeangusha nini? Tukusaidie kutafuta."

Bibi Pasi alinyooka taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Asante, baba," alisema. "Nimeshakiona."

Akautafuta mkono wa binti yake, akaushika. "Twende. Shuka zinatungoja."